Tuachieni Sheria, Miti Itaota Yenyewe

Nimechoka na neno moja: kuelimisha. Mvua zikigoma, "wananchi waelimishwe". Mafuriko yakija, "wananchi waelimishwe". Ng'ombe wakifa, kipindupindu kikiingia, mto ukihama njia na kubeba choo cha mtu, hakosekani bwana mmoja mwenye chupa ya maji mezani atakayesema kwamba tatizo ni uelewa mdogo wa wananchi. Siku hizi neno lenyewe limevishwa koti: "kujenga ustahimilivu wa jamii dhidi ya mabadiliko ya tabianchi". Refu kama treni ya mizigo! Lakini fungua mabehewa, ndani mzigo ni ule ule: ninyi hamjui, sisi tunajua, kaeni chini tuwafundishe.

Mimi ni mtoto wa Kishapu. Kwa wale ambao jiografia iliwapita pembeni: ni wilaya ya mkoa wa Shinyanga, iliyomegwa kutoka Shinyanga Vijijini mwaka 2002. Ni nchi ya pamba, mtama, ng'ombe na almasi, na ni kukavu. Sasa hivi napanga chumba Tandale, Dar es Salaam, karibu na Mto Ng'ombe, na huo mto ndio ng'ombe pekee niliye naye hapa mjini. Washikaji wakisikia kwetu ni wapi, huwa na maswali mawili tu. Mnakula nini huko? Na je, ni kweli mnaua vikongwe? Yote mawili nitayajibu humu humu, sitakimbia. Lakini kwanza nina ugomvi.

Ugomvi wangu ni kwamba tunadanganywa kuhusu kinachowaokoa watu hali ya hewa inapogeuka. Tunaambiwa ni elimu, ni miche, ni mradi. Mimi nasema ni mamlaka. Wanaopona ni wale wenye haki ya kusema "hapa pamefungwa", na wenye nguvu ya kumtoza faini anayevunja hilo fungo. Wengine wote hupewa semina.

Ushahidi wangu unaitwa ngitili.

Ngitili ni neno la Kisukuma. Ni kipande cha malisho kinachofungwa mvua zinapoanza, mnamo Novemba, ng'ombe wasikanyage, majani yapande na vichaka vipumue. Kinabaki kimefungwa hadi katikati ya kiangazi, Julai au Agosti, wakati nje pamebaki vumbi tupu. Hapo kinafunguliwa kwa mpango, sehemu moja baada ya nyingine, wanyonge kwanza: ndama, ng'ombe wa maziwa, wa plau na wagonjwa. Ziko ngitili za kaya, ziko za kijiji, ziko za shule. Ndani yake, mbali na majani, mnatoka kuni, asali, dawa, ukwaju, nyasi za kuezekea na nguzo za nyumba. Hakuna aliyeleta wazo hilo kwa ndege. Wazee wetu walikuwa nalo kabla ya mkoloni kutuhesabu.

Sasa fuatilieni hadithi, mwone nani alimfundisha nani.

Waingereza walikuwa na kituo cha utafiti wa mbung'o pale Old Shinyanga, chini ya Charles Swynnerton. Kuanzia miaka ya 1920 hadi 1940 na kitu, misitu ilifyekwa kwa maelfu ya ekari ili mbung'o akose kivuli, na waliofyeka ni wananchi waliokusanywa kupitia watemi wao. Ikaja pamba, nayo ikataka mashamba. Ng'ombe wakaongezeka, ardhi ikabaki ile ile. Halafu Operesheni Vijiji, katikati ya miaka ya 1970: watu wakahamishiwa vijiji vipya, wakaziacha ngitili zao nyuma. Aliyehamishwa hawezi kulinda fungo la mahali asipoishi, na aliyekuta fungo la mwenzake hakuwa na sababu ya kuliheshimu. Hapo si miti tu iliyokatika. Ilikatika mamlaka ya kufunga.

Mwaka 1984 Mwalimu Nyerere alizuru mkoa, akaona hali. Tangu hapo jina la Jangwa la Tanzania likatuganda. Ona maajabu: kila hatua ya kulitengeneza hilo jangwa iliamuliwa mezani kwa mtu aliyesoma, lakini lilipokamilika likaitwa matokeo ya ujinga wa Msukuma na ng'ombe wake!

Mwaka 1986 ukaanza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, kwa fedha za Norway na baadaye msaada wa watafiti wa ICRAF. Nao mwanzoni ulikuja na kile ambacho miradi huja nacho: vitalu na miche. Lakini mambo yalibadilika maafisa walipokaa chini na kuuliza watu walikuwa wanafanyaje zamani. Jibu likawa ngitili. Hapo mradi ukafanya jambo la akili ambalo miradi michache hulifanya, ukapisha njia. Mwaka 1986 ngitili zilizokuwa zimebaki zilikadiriwa kuwa hekta 600 tu. HASHI ilipofungwa mwaka 2004, makadirio yalikuwa kati ya hekta 300,000 na 500,000, katika vijiji 833 vya mkoa wa Shinyanga wa wakati ule, kabla Simiyu haijakatwa mwaka 2012.

Soma tena hizo tarakimu. Hakuna kitalu duniani cha kutoa miche ya kujaza hekta laki tatu za Usukumani. Miti ile haikupandwa. Iliachwa. Visiki vya migunga vilikuwa hai chini ya udongo muda wote, vinasubiri mtu wa kumwambia ng'ombe "si leo". Wagogo wa Dodoma nao wanaifanya kazi hiyo hiyo siku hizi, wanaiita Kisiki Hai: unachagua machipukizi, unapogoa, unalinda. Bei yake ni panga na makubaliano.

Ni hayo makubaliano ninayoyataka myatazame. Nani alikuwa anailinda ngitili? Sungusungu, jeshi la jadi lililozuka Usukumani miaka ya mwanzo ya 1980 kupambana na wezi wa ng'ombe. Nani alikuwa anahukumu? Dagashida, baraza la watu wote. Ukiingiza ng'ombe kwenye fungo, unaitwa, unasimama mbele ya majirani zako, unatozwa. Huwezi kupiga simu mjini ukaokolewa. Faini inaliwa au inatumika hapo hapo, mbele ya macho yako.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2005 na Wizara ya Maliasili na Utalii pamoja na IUCN ulipiga hesabu ya vitu vinavyotoka ngitili. Ulipata thamani ya kama dola 14 kwa mtu mmoja kwa mwezi, wakati wastani wa matumizi ya mtu wa kijijini Tanzania ulikuwa dola 8 na nusu. Kwa hiyo msituambie ngitili ni mila ya kupendeza ya kuwekwa makumbusho. Ni benki, ni bucha, ni duka la dawa.

Sasa nijibu swali la kwanza. Tunakula nini? Viazi vitamu vikivunwa tunavikata vipande tunavianika, hiyo ndiyo michembe. Vingine tunavichemsha kwanza ndipo tunavianika, hayo ni matobolwa. Vinawekwa ghalani hadi miezi mibaya. Bibi yangu hakuwahi kwenda semina ya uhakika wa chakula, lakini ghala lake lilikuwa na hoja nyingi kuliko vitabu vya miradi.

Swali la pili ni zito, na sitalifanyia mzaha. Ndiyo, Shinyanga imetajwa kwa miaka mingi katika habari za mauaji ya vikongwe, na mojawapo ya alama zilizochukuliwa kuwa ushahidi wa uchawi ni macho mekundu. Haya, niambieni: mwanamke aliyekaa jikoni miaka hamsini akipikia mavi makavu ya ng'ombe na mabua ya pamba, kwa sababu kuni zimeisha, macho yake yatakuwa rangi gani? Miti iliyofyekwa kwa ajili ya mbung'o iligeuka moshi, moshi ukageuka macho mekundu, macho mekundu yakageuka hukumu. Sisemi kuni peke yake zingewaokoa. Muuaji ni muuaji, na mara nyingi nyuma ya panga pana tamaa ya shamba la mjane. Nasema tu kwamba mnapozungumzia "mazingira" kama somo la ndege na vipepeo, mjue kwamba kwetu kuna watu ambao shingo zao zilikuwa ndani ya hiyo habari.

Najua mtakachosema, na wengine mmeshaanza kunyosha vidole. "Wewe unaipamba ngitili. Ngitili nyingi ni za wenye ng'ombe wengi. Mwanamke kwa mila hana ardhi. Na Sungusungu hao hao wamewahi kupiga watu na kuwahukumu bila ushahidi." Kweli tupu. Sibishi hata nukta. Tajiri mwenye ng'ombe mia tatu anaweza kufunga eneo kubwa, kisha akamkodisha jirani majani kwa pesa. Na lipo fungo ambalo mama hawezi kulisemea kwa kuwa jina lililoandikwa ni la shemeji yake.

Lakini angalieni tofauti. Udhalimu ulio ndani ya mkutano wa kijiji una mlango wa kuuingilia. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, inampa mwanamke haki ya ardhi sawa na mwanamume, na halmashauri ya kijiji haiwezi kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu. Mama mmoja akisimama na hiyo sheria mkononi, kasheshe linaanza, na kasheshe ndiyo mwanzo wa haki. Je, udhalimu ulio ndani ya mradi utauingilia wapi? Utasimama kwenye mkutano gani? Mwenye mradi hamjui, uchaguzi wake hamkupiga kura, na mradi ukiisha gari linaondoka na ofisi inafungwa.

Kishapu hiyo hiyo inao mfano wa upande wa pili. Tarehe 7 Novemba 2022, ukingo wa bwawa la tope la mgodi wa almasi wa Mwadui ulipasuka, tope likaenea kwenye makazi na mashamba ya vijiji vya jirani. Mgodi upo tangu mwaka 1940. Lakini juu ya ukingo ule mkutano wa kijiji haukuwa na neno: haukuamua urefu wake, haukuwa na ufunguo wake, haukuwa na mtu wa kumtoza faini kabla maji hayajamwagika. Kilichobaki ni kuorodheshwa na kusubiri fidia. Watu ni wale wale wa ngitili, akili ni zile zile. Kilichokosekana ni mamlaka.

Mpaka hapo msomaji wa Kariakoo anapiga miayo. "Haya ya ng'ombe yananihusu nini mimi?" Yanakuhusu, bwana. Ndiyo maana naandika katika gazeti la vijana wa mjini wala sikuyapeleka Mhunze, ambako wanayajua.

Desemba 2011 mvua ilipiga Dar es Salaam, Mto Msimbazi ukafurika, watu zaidi ya 40 wakafa. Waliopona walipelekwa Mabwepande, mbali na kazi, mbali na shule, na wengi wakarudi bondeni. Mwishoni mwa mwaka 2015 zikaja alama nyekundu za X ukutani, na matingatinga nyuma yake. Wimbo ni ule ule: watu wa mabondeni hawaelewi. Lakini katika bonde hilo hilo la Jangwani, waliloambiwa si mahali pa kujenga, ikajengwa karakana ya mabasi ya mwendokasi! Mto haukuuliza jengo ni la nani. Ulilifuata, mabasi yakakaa majini. Hivi hapo mwenye uelewa mdogo alikuwa nani? Kila mama muuza maandazi wa Jangwani angeweza kuwaambia maji hufika wapi. Alama ipo ukutani kwake.

Tena ujuzi wao si wa kubahatisha. Mwaka 2015 ulipoanza mradi wa Ramani Huria, wanafunzi wa vyuo walizunguka mitaa ya Dar pamoja na wakazi, wakachora mitaro, vichochoro na mahali maji yanapotuama. Walioijua hiyo mitaro ni wakazi. Ramani zikatoka safi, kila mtu anaweza kuzitazama. Safi sana. Lakini ramani ya mtaro uliozibwa haimtozi faini aliyeuziba.

Na hapa ndipo penye kiini cha ugomvi wangu, jambo ambalo ningependa kila kijana wa mjini alijue. Sheria zetu za serikali za mitaa za mwaka 1982 ni mbili: Namba 7 kwa wilaya, Namba 8 kwa miji. Chini ya ile ya kwanza, halmashauri ya kijiji ni mtu kamili kisheria. Inaweza kushtaki na kushtakiwa. Inaweza kutunga sheria ndogo, ikishirikisha mkutano wa kijiji na kupata kibali cha halmashauri ya wilaya. Chini ya ile ya pili, mtaa wa mjini una mwenyekiti aliyechaguliwa, una kamati, una muhuri wa kugonga barua ya dhamana. Sheria ndogo hauwezi kutunga. Yaani kijiji cha Kishapu chenye kaya mia tatu na mbuzi kina meno, na mtaa wa Tandale wenye maelfu ya watu ni kibogoyo!

Halafu tunashangaa mitaro inaziba. Jumamosi ya usafi vijana wanazibua mtaro kwa mikono, naijua kazi hiyo, nimeifanya, harufu yake haiondoki kwa sabuni moja. Jumatatu mtu mmoja anamwaga kifusi pale pale, anaondoka zake. Mwenyekiti wa mtaa amfanyeje? Amwelimishe?

Msiniambie mjini watu hawajuani. Mtaa unaojua kwa jina nani hajatoa mchango wa msiba, nani anadaiwa kwenye kikoba, na mpangaji wa chumba kipi ana jenereta, utashindwa kumjua anayetupa takataka mtoni usiku? Tunajuana sana, pengine kupita kiasi. Tulichonyimwa ni dagashida.

Sasa bonde la Msimbazi lina mradi mkubwa, uliopitishwa mwaka 2022 kwa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 200. Mto utachimbwa, kingo zitajengwa, bustani itapandwa. Sina ugomvi na kuchimba mto. Naulizia siku ya pili baada ya kukata utepe. Bustani ile nani ataifunga na kuifungua? Mtu akiivamia, ataitwa mbele ya nani? Wakazi watakuwa na kura, au watakuwa na kofia na fulana zenye nembo?

Na ninyi waandishi wenzangu, nina neno nanyi. Nasoma mashairi yetu na hadithi zetu. Mwanakijiji wetu daima amekaa chini ya mti uliokauka akitazama mbingu. Mkazi wetu wa bondeni daima amebeba godoro kichwani, machozi yanamtiririka. Hana la kusema, hana hila, hana jirani wa kugombana naye. Bwana wa semina akisoma kazi zetu anafurahi, maana tumemwandalia mwanafunzi! Huyu mtu asiyejua lolote, anayengoja kuokolewa, si bosi wa mradi peke yake aliyemtunga. Kalamu zetu zimesaidia. Andikeni basi mkutano ambapo watu wanabishana faini iwe shilingi ngapi, mpaka mzee mmoja anavua kofia kwa hasira. Andikeni mama anayesimama kulisemea fungo la marehemu mumewe, na shemeji anayemkatiza. Andikeni kijana wa Kishapu anayekata mgunga usiku ili akauze matimba machimboni, huku akijua Sungusungu wa zamu ni mjomba wake. Huko ndiko kuna hadithi, maana huko kuna watu wanaoamua na kuumia kwa walichoamua.

Ninachodai ni kifupi. Mtaa upewe kisheria kile ambacho kijiji kinacho: mkutano wenye nguvu ya kutunga sheria ndogo juu ya mitaro, kingo za mito na maeneo ya wazi, na faini ibaki mtaani. Kijiji nacho kiachwe kitumie ilichopewa tangu 1982, kisipokonywe ngitili zake kila anapokuja mwekezaji au mpanda miti wa siku moja. Siku ya kupanda miti iendelee kama mnaipenda, piga picha, kunywa soda. Ila ukishapanda, niambie jina la mtu atakayemfukuza mbuzi kesho.

Mara nyingine mtakapoitwa ukumbini kufundishwa ustahimilivu, nyosheni mkono kabla ya chai, ulizeni mambo matatu: nani anafunga, nani anatoza, na faini inaingia mfuko upi? Mkikosa jibu, kunyweni chai yenu mrudi mtaani, kuna mtaro wa kuzibua na mkutano wa kuitisha. Mwenye hoja ya kunipinga aandike. Nipo Tandale, nangoja.